Camion ya Kasomeno na Mtu Aliyeitoa Matopeni

Padri wetu, bandugu wa ukoo wa Mutale, bakwe wa upande wa Chilufya, majirani wa Kasungami ambao viti vyenu ndivyo tumevikalia tangu Jumanne, na ninyi wasanii mliokuja mmevaa nyeusi lakini rangi imebaki kwenye kucha, tunawaomba utulivu kidogo, tusikilize maisha ya yaya yetu, mkubwa wetu, Rigobert Kasonde Mutale, mchoraji, ambaye wengi hapa mnamjua kwa tablo moja tu, na kila mmoja anaamini kwamba ile ya kwake ndiyo aliichora kwa moyo. Familia imemchagua mdogo wake Ruphin asome, kwanza kwa sababu ana sauti kubwa na alikwisha kulipwa kwa kuitumia jukwaani, na pili kwa sababu familia inataka aombe msamaha mbele ya watu, jambo ambalo litafika kwa zamu yake, msilikimbilie.

Marehemu alizaliwa Kasenga, kando ya mto Luapula, tarehe 11 Februari 1969, mtoto wa pili kati ya sita wa papa Mutale, shofere wa camion, lori la kubeba samaki, na mama Katongo, aliyekuwa akikausha samaki hao kabla hawajapanda gari, kwa hiyo ndoa yao ilikuwa ya mapenzi na pia ya usafirishaji. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 6 Aprili mwaka huohuo, na mama alipenda kusimulia kwamba alipomwagiwa maji hakulia, aliangalia tu rangi za nguo za padri, lakini mama alisimulia maajabu ya namna hiyo kuhusu watoto wote sita, na mmoja wao aliishia kuwa mchekeshaji.

Alisoma shule ya msingi palepale Kasenga, kuanzia Septemba 1975 hadi Juni 1981, na katikati ya miaka hiyo liko jambo moja ambalo lazima lisomwe, kwa sababu ndilo lililomlisha mpaka mwisho. Mwezi wa kwanza wa 1978, akiwa na miaka minane na jino bovu, papa alimpandisha juu ya camion, juu ya magunia ya samaki, wamlete Lubumbashi akang'olewe, na kabla ya kufika Kasomeno camion ikazama matopeni hadi tumboni, ikakaa siku nne. Katika siku hizo nne abiria walipika, waligombana, walisali rozari, msichana mmoja alipata mchumba na kumpoteza, na mtoto yule alikaa juu ya mzigo akisoma kila uso, mpaka jino likatoka lenyewe bila daktari. Alipofika nyumbani hakuzungumzia jino, alizungumzia namna matope yanavyong'aa.

Mwaka 1981 alikuja Lubumbashi kukaa kwa mjomba, katika mtaa wa Katuba, akamaliza miaka ya kwanza ya sekondari, kisha Septemba 1984 akaingia shule ya sanaa, akapata diploma yake Julai 1988, wa kwanza katika kuchora, na katika hesabu nafasi ambayo familia imekubaliana isisomwe. Alianza kazi mwaka huohuo kwa kuchora mabango, vichwa vya wateja wa vinyozi, chupa za bia kwenye kuta za baa, na ng'ombe mmoja wa duka la nyama aliyependeza kiasi kwamba watu walisita kuingia kununua.

Tarehe 12 Mei 1990 alimaliza tablo yake ya kwanza ya camion ya Kasomeno, ikiwa imezama matopeni, watu wamejaa juu ya mzigo, wanaume chini wanasukuma, mbingu nyeusi nyuma yao. Ilinunuliwa na mfanyakazi mmoja wa reli, ambaye aliomba kitu kimoja tu, kwamba marehemu baba yake awekwe juu ya magunia, mwenye shati jeupe. Alipoitundika sebuleni, jirani akaiona, akataka naye ya kwake, yenye shangazi yake. Hivyo ndivyo desturi ilivyoanza, na ninyi mnaijua kwa sababu mmeiishi, kwamba ukienda kuagiza camion kwa Rigobert unakwenda na picha ya mtu wako, unamwambia anakaa wapi, anashika nini, anamgeukia nani, na siku utakayomkuta mtu wako amekaa juu ya mzigo unajua tablo imeisha, unaichukua, unakwenda. Mke wake alikuwa na daftari, na kwa daftari hilo Rigobert alichora camion mia sita na kumi na moja, na katika hizo zote hakuna hata moja iliyowahi kusogea hatua moja.

Tarehe 3 Septemba 1994 alifunga ndoa na Lydie Chilufya, fundi wa kushona, ambaye alimjua alipokwenda kuomba vipande vya kitambaa kigumu vya kuchorea, akarudi kuomba tena, akarudi tena, mpaka Lydie akamwambia achague, aseme anataka kitambaa au anataka fundi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Précieux mwaka 1995, Wivine mwaka 1998 na Nono mwaka 2003, na mwaka 2005 walihamia hapa Kasungami, katika nyumba hii ambayo wakati ule ilikuwa na mahindi pande tatu na upande wa nne mtu anayedai kwamba kiwanja ni chake.

Kuanzia 2008 tablo zake zilianza kuitwa kwenye maonyesho, hapa mjini, Kinshasa, hata Ulaya, ambako waliandika juu yake maneno marefu ambayo alimsomea Lydie kwa sauti, na wote wawili hawakuelewa kitu, ila walikubaliana kwamba ni sifa. Lakini mwezi wa kumi 2013, katika onyesho moja hapa Lubumbashi, aliingia katika chumba chenye giza ambamo kijana mmoja alionyesha mchoro unaotembea ukutani, mkono wa kuchorwa unaofungua mlango wa kuchorwa, basi, akakaa pale tangu saa nne asubuhi hadi mlinzi alipokuja kumgusa bega akidhani amelala. Alirudi nyumbani hakula, akamwambia mke wake kwamba anataka ile camion itoke. Lydie, bila kuinua macho kwenye cherehani, akamwuliza: "Iko na miaka makumi mbili na tatu mu matope, na ni leo njo unaiona?"

Basi akiwa na miaka arobaini na minne alianza upya kama mwanafunzi, na mwalimu wake alikuwa binti yake Wivine, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, na ambaye alimfundisha kompyuta kwa ukali alioiga kwake mwenyewe. Njia aliyoichagua ni rahisi kueleza na ngumu kufanya, kitambaa kimoja kikubwa kimepigiliwa misumari ukutani, kamera imesimama mbele yake juu ya miguu mitatu isiyoguswa na mtu, unachora, unapiga picha, unakwangua kidogo, unachora tena palepale, unapiga picha, na picha kumi na mbili za namna hiyo zinakupa sekunde moja. Wateja wa zamani walinung'unika, walisema Rigobert ameacha kazi ya heshima ameingia mambo ya televisheni, lakini Agosti 2016 alimaliza filamu yake ya kwanza, dakika tatu za kinyozi anayemnyoa mteja mpaka mteja anaisha kabisa, ikazunguka nchi nane, na watoto wa Kasungami walikimbilia kwake kujifunza, kati yao Kiki na Tracy, ambao leo ni mabwana na mabibi wa kazi hiyo na wamekaa hapo mbele.

Ile filamu kubwa, ya camion, aliianza tarehe 4 Mei 2021. Mwaka uliotangulia mama Mwelwa wa mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, alikuwa amefiwa na mumewe, mzee wa reli, akaja kuagiza camion kama desturi, na picha ya mzee akiwa na kofia ya kaki na redio magotini, na Rigobert alipopanga watu wa filamu akamweka mzee huyo juu kabisa ya magunia, kwa sababu aliupenda uso wake, akakusudia kumchorea mama nyingine baadaye. Kusudi hilo hakumwambia mtu. Kwa miaka miwili na zaidi magurudumu yalizunguka nusu kidole kwa siku, matope yalipanda na kushuka, wanaume walisukuma, na ilipofika Agosti 2023 zilikuwa zimepigwa picha elfu nne na mia tano, camion ilikuwa imeanza kunyanyuka, ikabaki kutoka tu.

Tarehe 17 Agosti 2023 marehemu alianguka hapa uani, akapelekwa hospitali, na madaktari wakasema figo zote mbili zimechoka, kwamba ataishi kwa mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, na kwamba hakuna anayeweza kumwahidi miaka. Akalazwa wiki tatu. Nyumba iliachwa mikononi mwa mdogo wake Ruphin, yule ambaye ndiye anayewasomea, na Jumamosi tarehe 26 Agosti mama Mwelwa akaja, kwa mara ya tatu tangu aagize, kuulizia tablo yake. Ruphin akaingia chumba cha kazi, akaangalia, akamwona mzee amekaa juu ya mzigo, kofia yake, redio yake, rangi imekauka, na kama mtu yeyote wa mji huu angefanya, akaelewa kwamba tablo imeisha. Akang'oa misumari minne, akaikunja katika shuka safi ya Lydie, akaibeba mwenyewe mpaka barabarani, na mama kwa shukrani akampa kuku.

Rigobert alirudi tarehe 9 Septemba, akaingia chumba chake, akaona ukuta na matundu manne. Hakupiga kelele, aliomba kiti. Ruphin alieleza kwa urefu, kwa mikono, kwa sauti tatu tofauti, kama alivyofundishwa jukwaani, na mkubwa wake akamwacha amalize, kisha akauliza: "Na ile kuku, ulikula yote?" Akajibiwa kwamba imebaki shingo. Akasema ni vizuri, kwa sababu tangu siku hiyo Ruphin hatakula kitu kingine katika nyumba hii mpaka camion itoke.

Msidhani hawakujaribu njia nyingine. Rigobert alichora kitambaa cha pili, sawasawa na cha kwanza, mpaka jicho la kawaida lisingeweza kutofautisha, lakini Wivine alipounganisha picha mpya na za zamani watu wote juu ya camion waliruka kwa pamoja kama waliokalia siafu, na rangi ya mbingu ikageuka kana kwamba mtu amewasha taa. Kwa hiyo alikuwa na filamu ya miaka miwili isiyo na mwisho, mwili ambao hakujua utamvumilia mpaka lini, na kitambaa pekee kinachoweza kuimaliza kiko sebuleni kwa mjane.

Walikwenda mtaa wa Kenya, yeye, Wivine na mkosaji. Mama Mwelwa aliwapokea vizuri, akawapa viti, akasikiliza yote, akakataa. Rigobert akaahidi kumchorea mzee mwingine, mkubwa zaidi, mzuri zaidi, naye akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo Wivine aliyaandika siku hiyohiyo: "Papa Rigo, huyu njo bwana yangu. Mwengine utafanya atakuwa muntu mwengine. Na ile camion yako ikitoka mu matope, si na yeye anaenda? Mi nibaki naangalia nini, barabara?" Na kweli, mwisho wa filamu ulikuwa huo, camion inatoka upande wa kulia, inabaki barabara.

Alirudi nyumbani, akakaa siku kumi, na siku ya kumi na moja akarudi kwa mama Mwelwa na ombi lingine, kwamba tablo ibaki palepale kwenye ukuta wake, yeye aje na kamera yake na taa yake kuchora hapo sebuleni, na siku yoyote mama atakaposema inatosha, anaweka burashi chini, filamu inakufa hapo, hamdai neno. Mama alifikiri mpaka chai ikapoa, akakubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atakaa kwenye kochi kila siku ya kazi kuangalia wanamfanya nini mumewe.

Kazi ilianza Jumatatu tarehe 2 Oktoba 2023, siku nne kwa wiki, kwa kuwa siku mbili zilikuwa za mashine na Jumapili ni ya Bwana. Wivine alilinganisha picha mpya na ya mwisho ya Kasungami kwa siku tatu, akivuta kamera unywele huku, unywele kule, mpaka mbingu ikakubali. Madirisha yalifunikwa, kochi lilisogezwa, na Ruphin alipewa kazi ya kukaa pembeni bila kutikisika wala kusema, adhabu ambayo majaji wa mji huu hawajawahi kuifikiria, akaitumikia miezi mitano. Mama Mwelwa alijifunza kwamba mgonjwa wa figo hanywi anavyotaka, akamtengea glasi ndogo ya dawa ya kikohozi, akampimia maji humo kama padri anayepima divai, na kadiri magurudumu yalivyopanda alianza kuzungumza juu ya mzee, alivyokuwa akikoroma, alivyokuwa akificha tumbako ndani ya redio, na namna walivyoachana bila kupatana siku ile ya mwisho, kwa neno dogo kuhusu chumvi. Hilo la chumvi alilisema mara moja tu, na Rigobert alipiga picha, hakugeuka.

Ijumaa tarehe 16 Februari 2024 pua ya camion ilikuwa imekwisha kutoka upande wa kulia, na aliyefuata alikuwa mzee. Rigobert akaweka burashi chini bila kuambiwa. Akamweleza mama kwamba anaweza kukomea hapo, kwamba filamu itaisha na camion nusu imetoka na nusu imebaki, watu wa maonyesho wataandika maneno yao marefu, hakuna atakayejua, na mzee atabaki ukutani. Wote waliokuwa sebuleni wanashuhudia kwamba alilisema kwa kweli.

Mama Mwelwa alimwangalia mumewe muda mrefu. Akauliza: "Kule anaenda, njia iko muzuri?"

Marehemu akamjibu: "Sijui, mama. Mi najua tu mahali anatoka."

Mama akasema: "Basi tia rangi, papa. Amekaa mu matope miaka tatu sababu yangu. Muache aende."

Ilichukua siku tano za kazi kumtoa, kwanza goti, kisha redio, kisha bega, na siku ya mwisho ilibaki kofia peke yake pembeni mwa tablo, na mama akaomba wangoje kidogo, akaenda kubadili kitambaa cha kichwa, akarudi, akakaa wima, akasema tayari. Picha ya mwisho ilipigwa Jumamosi tarehe 24 Februari 2024, saa tano asubuhi, barabara, alama mbili za magurudumu, maji yanaanza kukusanyika ndani yake. Tablo hiyo iko sebuleni mpaka leo, na aliyetaka kuinunua kwa ajili ya jumba la makumbusho alipewa chai akasindikizwa mlangoni.

Filamu ina dakika saba na sekunde kumi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza hapahapa Kasungami, Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, juu ya shuka mbili zilizoshonwa na Lydie, na wateja wa zamani walitoka Katuba, Ruashi, Kenya, wengine wamevaa kama wanakwenda harusini. Camion ilipoanza kunyanyuka, wanaume wa safu ya mbele walisimama wakainamisha mabega, mmoja akavunja kiti cha jirani, na ilipotoka kabisa mzee mmoja akaaga haraka akisema anakwenda nyumbani kuhakikisha ya kwake ingali ukutani. Mwishoni yaliandikwa majina ya waliofanya kazi, na jina la tatu, kwa mkono wa marehemu mwenyewe, lilisomeka hivi: Usafirishaji, Ruphin. Ndivyo alivyosamehe. Naye Ruphin, mbele yenu na mbele ya mwili wake, anaomba msamaha kwa misumari minne, kwa shuka, na kwa kuku.

Baada ya hapo filamu ilikwenda mahali ambapo mwenyewe asingeweza kwenda, kwa kuwa mashine haisafiri, ikarudi na zawadi tatu, ambazo alizitumia kuzuia milango isipigwe na upepo. Alifundisha mpaka mwezi uliopita, akikaa kwenye kiti, akionyesha kwa kidole. Hali ilibadilika tarehe 3 Oktoba mwaka huu wa 2025, akalazwa, na Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Lydie, alitutoka, akiwa na miaka hamsini na sita, miezi minane na siku tatu. Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wawili, na wanafunzi kumi na wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa mashine, waliomzoea mpaka wakawa wanamwekea kitanda cha dirishani, inawashukuru majirani kwa maji, kwa makaa na kwa viti, wakiwemo wenye kile kilichovunjika, inawashukuru wasanii wenzake wanaolala hapa uani tangu Jumanne, Kiki na Tracy waliochora jeneza hili siku mbili bila kupumzika, na parokia kwa nyimbo. Inamshukuru kwa namna ya pekee mama Mwelwa, ambaye alikuwa wa kwanza kukaa kwenye mkeka wa wajane karibu na Lydie, na hajainuka.

Wengi mmetuuliza tangu juzi nani sasa atamchora Rigobert juu ya camion, na Nono alikwisha kumwuliza baba yake mwenyewe, hospitalini, kwa nini katika tablo mia sita na zaidi aliwaweka watu wote wa mji huu juu ya mzigo na hakujiweka yeye hata mara moja. Alimjibu kwamba amejichora katika zote, hawaangalii vizuri: "Mi niko chini, na bale banasukuma."

Yaya Rigobert, toa mabega yako sasa, sisi tumeshika. Lala, pumzika, amani ya Bwana ikufunike.